Miradi ya Mwaka wa Kwanza Haikuwa ya Kitoto

Karibu kila kundi la wanafunzi wanaokuja kwetu Moshi kwa mafunzo kwa vitendo huja na imani ile ile, nami nimechoka kuijibu kwa mdomo: kwamba miradi ya kozi ya kwanza ya programu, yaani kikokotoo, wastani wa alama, mchezo wa kubahatisha namba na mashine ya kuigiza ya kutolea fedha, ilikuwa ya kitoto, na kwamba kazi halisi huanza na tovuti na programu za simu. “Ile tulishaimaliza, mwalimu,” huniambia. Mimi ninayetunza mifumo ya hesabu ya SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na vyama vya wakulima wa kahawa nasema hawakuimaliza. Waliiacha mara ilipotoa jibu la kwanza lililowapendeza.

Tuchukue wastani wa alama. Mwanafunzi mwenye 44, 45 na 45 ana jumla ya 134, na katika lugha ya programu iitwayo C, ukigawa inti (namba nzima isiyo na desimali) kwa inti, 134 kwa 3 ni 44, kwa kuwa desimali hukatwa bila onyo lolote. Kwa desimali jibu ni 44.67, ambalo likikadiriwa huwa 45. Ikiwa alama ya kufaulu ni 45, mtu huyo mmoja amefeli na amefaulu kwa alama zile zile. Wengi hubadilisha aina ya kigeu, yaani nafasi yenye jina inayotunza thamani, ili kipokee desimali, na kufunga faili, ilhali swali kubwa limebaki pale pale: nani ameamua kwamba 44.67 ipandishwe? Kanuni za mitihani ndizo zenye mamlaka hayo, si kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa maagizo ya mashine), na asiyezisoma amejitungia kanuni yake mwenyewe bila kujua. Katika Python 3, lugha nyingine ya programu, kukadiria 2.5 hutoa 2, na 3.5 hutoa 4, kwa sababu nusu kamili hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Hilo lilikusudiwa na watengenezaji wa lugha, lakini sivyo tulivyofundishwa shule ya msingi, na anayesoma matokeo hana habari nalo.

Linaloniudhi zaidi ni fedha. Vitabu vya nje huonya kwamba 0.1 ukijumlisha na 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na mwanafunzi wa hapa husema kwamba sisi hatutumii senti, kwa hiyo onyo hilo halituhusu. Linatuhusu kuliko wao. Floti, yaani aina ya namba inayobeba desimali, ya biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), kwa IEEE 754, kiwango cha kimataifa cha namba hizo cha mwaka 1985, ina biti 24 tu za kushikilia tarakimu zenyewe, kwa hiyo hutunza namba nzima moja baada ya nyingine hadi 16,777,216. Ongeza shilingi moja hapo, na jibu litabaki 16,777,216. Zaidi ya hapo namba huruka mbili mbili, na baada ya 33,554,432 huruka nne nne. Kwa dola, kiasi hicho ni utajiri. Kwa shilingi, ni mikopo michache ya SACCOS ya kawaida. Inti ya biti 32 nayo hukoma kwenye 2,147,483,647, yaani zaidi kidogo ya bilioni mbili, kiasi ambacho chama kikuu cha ushirika kinaweza kukifikia. Tumia inti ya biti 64, uhesabu shilingi nzima.

Hata hivyo inti haimalizi tatizo la kugawa. Malipo ya pili, yaani nyongeza inayofuata malipo ya kwanza ya kahawa, ya shilingi 1,000,000 kwa wakulima watatu waliopeleka kilo sawa ni 333,333 kwa kila mmoja, na shilingi moja inabaki. Ni ya nani? Mkoani Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa walianza kujiunga tangu chama chao cha KNPA cha mwaka 1925 na chama cha ushirika cha KNCU cha mwaka 1933, daftari la chama ni mali ya wanachama, na jumla ya stakabadhi isiyolingana na fedha iliyotoka benki ni hoja halali ya mkaguzi. Mimi hupeleka salio hilo kwenye akaunti ya chama. Wenzangu humwongezea mwanachama wa mwisho katika orodha. Sina hakika kwamba njia yangu ina haki zaidi, ila nina hakika kwamba iandikwe na kupitishwa na wanachama kabla ya programu kuandikwa.

Mengine nayataja kwa haraka. Namba ya simu isihifadhiwe kama inti, kwa sababu sifuri ya mwanzo itapotea. Kitanzi, yaani sehemu ya programu inayojirudia, kinachosoma namba kwa C huweza kuzunguka bila kikomo mtu akiandika herufi, maana herufi ile hubaki ikisubiri kusomwa tena.

Kuhusu lugha ya kuanzia, bado nina shaka. Inti ya Python haina kikomo cha biti, hivyo humficha mwanafunzi ule ukuta wa bilioni mbili. C humwonyesha mapema, lakini nimeona vijana wenye uwezo wakikata tamaa kabla ya kuufikia. Kwa sasa nawaagiza wauandike mradi mmoja wa zamani kwa lugha zote mbili na kulinganisha majibu, ingawa wasio na kompyuta zao wenyewe hupata shida kukamilisha hata mmoja, na jibu zuri kwa hao sijalipata.