Kupima Ari ya Karani Mmoja Mmoja kwa Hisabati

Mameneja wa kampuni za uwakala wa forodha zinazotegemea bandari yetu ya Kilindini huniuliza: tukiongeza bonasi, makarani watajituma zaidi kwa kiasi gani? Mimi huanza kwa kutaka kujua kila karani anaionaje kazi yake.

Mwaka 1964 mwanasaikolojia Victor Vroom alieleza kwamba ari ya mtu hutokana na mambo matatu yanayozidishwa: imani kwamba akijitahidi atafanikiwa, imani kwamba akifanikiwa atalipwa, na thamani anayoyapa malipo hayo. Kwa hesabu nyepesi, imani hizo mbili tuzipime kuanzia 0 hadi 1, na thamani hadi 10. Uzito wote wa modeli umo katika kule kuzidisha, kwa kuwa jambo moja likiwa sifuri, ari yote huwa sifuri hata mengine yawe makubwa namna gani.

Tuseme kuna makarani wawili, na wote wanaithamini bonasi kwa 8. Wa kwanza ana hakika kwamba atalitoa kontena kabla ya gharama za kuhifadhi mzigo kuanza (0.9), lakini amekwisha kuahidiwa bonasi asiione (0.2). Wa pili anamwamini mwajiri (0.9), ila anajua kwamba kazi yake imekwama kwenye hati za ofisi nyingine (0.2). Kila mmoja ana ari ya 1.44. Meneja akiikuza bonasi hadi thamani yake ifike 10, kila mmoja atapanda hadi 1.8 tu, lakini ile 0.2 ikipandishwa hadi 0.8, ari itafika 5.76. Hatari zaidi ni wastani: ukichukua wastani wa imani zao, yaani 0.55 kwa kila upande, utapata ari ya 2.42, ambayo hakuna hata mmoja wao aliye nayo.

Wendelien van Eerde na Henk Thierry, walipokusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi mwaka 1996, waliona kwamba nadharia hii hufanya vizuri zaidi pale mtu anapolinganishwa na nafsi yake, katika machaguo yake mwenyewe, kuliko anapolinganishwa na wenzake. Waliona pia kwamba zao la kuzidisha halikutabiri vizuri kuliko mambo yenyewe yakichukuliwa moja moja, na hilo nalichukulia kwa uzito. Ndiyo maana mimi hutumia modeli hii kutafuta kizuizi kilipo, wala si kubashiri utendaji, na humwomba kila karani apime kazi zake kadhaa, kwa sababu 8 yake na 8 ya mwenzake si lazima ziwe kitu kimoja.

Kwa karani wa kwanza, meneja alipe bonasi aliyoahidi, tena kwa tarehe iliyoandikwa. Kwa wa pili, bonasi ifuate sehemu ya kazi iliyo mikononi mwake, kama vile kuwasilisha hati kamili mapema, badala ya kufuata siku ambayo kontena linapita getini.