Moteri inayozunguka kushoto, boti ya moteri moja

Wenye boti wanaofika kwenye karakana ya chuo chetu hapa Bukavu huuliza: moteri inayozungusha elisi (propela inayosukuma boti majini) kinyume na zingine, inaweza kufungwa peke yake? Inaweza. Kazi iko kwenye elisi na kwenye mazoea ya dereva.

Moteri nyingi, boti ikienda mbele, huzungusha elisi kulia ukiitazama kutoka nyuma. Zile za kushoto hutengenezwa kwa boti za moteri mbili, ili mvuto wa moja ufutwe na wa mwenzake. Kwa kawaida ni kubwa, nguvu za farasi 115 na kuendelea, kwa hiyo mwenye mtumbwi wa farasi 15 au 40 hana haja ya kujisumbua. Anayekutana nazo ni mwenye kano rapidi, yaani boti ya mwendo kasi: pacha mmoja amekufa, aliyebaki anauzwa kwa bei nafuu. Kwa Yamaha, herufi L hutangulia jina la modeli, kama LF150. Juu moteri ni ileile. Tofauti imo chini, kwenye gia.

Hapo ndipo watu hujiharibia. Mtu hukosa elisi ya kushoto, hufunga ya kulia, kisha huenda mbele kwa gia ya nyuma. Boti itatembea, ndiyo. Lakini beringi za upande huo hazikutengenezwa kubeba msukumo wa safari nzima ya Bukavu hadi Goma, na gia zitasagika. Wengine hudhani elisi ikigeuzwa, mbele ikawa nyuma, itabadilika mkono, yaani ya kulia itakuwa ya kushoto. Haibadiliki, hata uigeuze mara mia: mlalo wa mapanga yake unabaki uleule.

Ukiwa na elisi sahihi, mabadiliko ni madogo. Ukirudi nyuma polepole gatini, mkia wa boti utavutwa kulia, si kushoto ulikozoea. Dereva ajizoeze mahali pasipo na mitumbwi. Usukani ukivuta upande mmoja, legeza kibati kidogo kilicho juu ya elisi, usogeze ncha yake ya nyuma kuelekea upande huohuo boti inakovutwa, kidogo kidogo, ukijaribu tena kila mara. Boti nyepesi inaweza pia kulalia kulia kidogo, na dereva huwa amekaa hukohuko. Mizigo ianze kushoto.

Jambo lingine halihusu mkono, ila hujitokeza siku hiyohiyo. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na moteri isiyo na tabo (turbo, ya kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Elisi iliyochaguliwa kwa ajili ya pwani itakuwa nzito hapa. Pakia kama kawaida, fungua gesi yote, soma mizunguko: isipofikia kiwango kilichoandikwa na kiwanda, tafuta elisi yenye hatua fupi zaidi, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko kama 200 kwa dakika.

Shida yenyewe ni akiba. Ukivunja elisi kwenye mwamba karibu na kisiwa cha Idjwi, jirani atakuazima ya kulia, nayo haikusaidii. Kabla hujalipa, uliza bei ya elisi mbili za kushoto, na muuzaji asipokuwa nazo, zitoe kwenye bei ya moteri.