Kabla Hujapandisha Kodi ya Vyumba Vyako Malindi

Masika yakikaribia kwisha, wenye nyumba huanza kunijia na swali lile lile: je, niongeze kodi? Mimi ni mhasibu, na vitabu vingi ninavyoshika ni vya watu wenye vyumba vinne, sita au kumi huku Barani, Muyeye, Maweni na Kisumu Ndogo. Jibu langu huwaudhi. Nawauliza: mwaka jana kila chumba kilikaa kitupu miezi mingapi? Wengi hawajui. Kodi ya mwezi wanaikumbuka hata usingizini, lakini miezi mitupu hakuna aliyeiandika.

Tuchukue vyumba sita vya shilingi 8,000. Vikijaa, mwezi unaleta 48,000 na mwaka 576,000. Ukiongeza 500 kwa chumba, mpangaji mmoja anakupa 6,000 zaidi kwa mwaka. Akihama kwa sababu ya hizo 500, na chumba kikakaa wazi mwezi mmoja tu, umepoteza 8,000. Itakuchukua miezi 16 ya nyongeza kuzirudisha, na hapo sijahesabu rangi, kufuli mpya na chake dalali. Kwa hiyo mpangaji anayelipa kila mwezi bila kukumbushwa ana thamani ambayo haionekani kwenye risiti.

Malindi ina shida yake ambayo hesabu za Nairobi haziijui. Fedha ya mji huu hufuata wageni. Julai na Agosti mifuko hujaa, Desemba hadi Pasaka vilevile. Kisha mvua zinaingia, hoteli kadhaa zinafunga milango na wafanyakazi wanarudishwa nyumbani bila mshahara. Ndiyo maana wenye nyumba wengi humkwepa mpishi au mhudumu wa hoteli, wakamtafuta mwalimu au muuguzi. Mimi sikubaliani nao. Mtu wa hoteli ana fedha, ila haziji kila mwezi. Kaa naye Desemba, mkubaliane alipe kidogo juu ya kodi kila mwezi hadi Machi, na ile ziada iandikwe kuwa ni ya Mei na Juni. Iandikwe kweli, kwenye karatasi, mtie saini wote wawili. Dipoziti ibaki pale pale ilipo. Hiyo ni ya kioo kilichovunjika na bili ya maji, wala si akiba yako wewe.

Sasa KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Ushuru wa nyumba za kuishi unamhusu mtu ambaye kodi anayopokea kwa mwaka inazidi 288,000 na haivuki milioni 15. Tangu Januari 2024 kiwango ni 7.5%, kutoka 10% ya awali, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hutozwa kwenye kodi yote iliyoingia. Umerekebisha tangi, umebadilisha mabati yaliyoliwa na chumvi ya bahari, hayo ni yako, hupunguziwi kitu. Vyumba vyetu sita vikijaa, ni 3,600 kwa mwezi.

Hapo ndipo aliyejenga kwa mkopo anapaswa kusimama afikiri. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna wa ushuru na kuomba atozwe kwa njia ya kawaida ya mwaka, ambapo gharama hutolewa kwanza. Tuseme riba ya mwaka ni 264,000, na matengenezo, bima na ada za kaunti ni 90,000. Zinabaki 222,000. Kama hana kipato kingine, 10% ya hizo (ngazi ya chini ya ushuru wa mapato) ni 22,200, na nafuu ya kila mlipa ushuru, 28,800 kwa mwaka, inazimeza zote. Kwa njia ya 7.5% angelipa 43,200. Lakini mwenye mshahara mnono asikimbilie huko: faida ya nyumba inapachikwa juu ya mshahara wake na kutozwa 30% au zaidi. Na wale wasiotaka riba kwa ajili ya dini, waliojenga ukuta baada ya ukuta kwa fedha zao, mara nyingi 7.5% inawafaa bila maswali.

Duka la mbele ni habari nyingine kabisa. Nyumba nyingi za hapa zina chumba kimoja kinachotazama barabara, nacho kimepewa muuza nafaka au kinyozi kwa maneno ya mdomo. Kodi ya duka haimo kwenye ile 7.5%. Zaidi ya hapo, upangaji wa duka usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, unalindwa na sheria: huwezi kupandisha kodi wala kumtoa mtu bila notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, naye anaweza kukupeleka kwenye baraza la upangaji wa biashara. Nimeona barua nzuri kabisa, zenye mhuri, zikitupwa kwa sababu hazikuwa kwenye fomu hiyo. Ukitaka kuwa nje ya ulinzi huo, andika mkataba unaozidi miaka mitano, usio na kifungu cha kuuvunja mapema isipokuwa kwa kukiuka masharti. Fikiri sana kabla hujajifunga hivyo.

Kumfungia mpangaji mlango, kumkatia maji au kung'oa mabati ni kujitafutia kesi, hata akiwa na deni la miezi minne. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi apewe notisi isiyopungua mwezi. Akikataa, ni mahakamani. Usisubiri deni likomae. Mwezi wa pili ukipita bila senti wala maelezo, barua itoke.

Na kama bado unataka kupandisha, anza na chumba kinachohamwa, kabla mgeni hajaingia. Waliopo wape barua Oktoba, nyongeza ianze Januari. Ile ya Mei ndiyo inayofukuza watu, na chumba kilichoachwa Mei hapa mjini husubiri mpangaji hadi Julai.