Nafasi ya mwanamke katika kupunguza hatari za maafa: maana yake ni nini?

Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliipiga Aceh, Indonesia, Jumapili asubuhi. Wanaume wengi wa vijiji vya pwani walikuwa baharini wanavua, na kwenye kina kirefu wimbi la namna ile hupita chini ya chombo bila mvuvi kujua kitu. Wake zao walikuwa nyumbani na watoto. Maji yalipofika, anayejua kuogelea aliogelea na anayejua kukwea mti alikwea, na huko mambo hayo mawili wavulana hujifunza tangu udogoni, wasichana ni nadra. Mama aliyempakata mtoto mmoja na kumkamata mwingine mkono hakuwa na mkono wa kushikia tawi. Shirika la Oxfam lilipohesabu watu katika vijiji vinne vya wilaya ya Aceh Besar, waliookoka walikuwa 676. Wanawake kati yao walikuwa 189 tu.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niitilie mkazo dhana ya nafasi ya mwanamke katika kupunguza hatari za maafa, ambayo kwenye hati za mikutano husomeka kama maneno makavu. Tuianze kwenye mzizi. Wataalamu hutenganisha janga na maafa. Kimbunga, mafuriko au tetemeko ni janga. Yanakuwa maafa pale yanapowakuta watu ambao hali yao haiwaruhusu kuepuka: nyumba dhaifu, habari zisizofika, mguu usioweza kukimbia. Kupunguza hatari za maafa, basi, ni kazi yote inayofanywa kabla, ili janga likija lisikute watu wamefungwa mikono.

Na neno "nafasi" hapa lina maana mbili, kama lilivyo katika Kiswahili chenyewe. Kwanza ni mahali mwanamke alipo hatari inapofika: yuko wapi, na nani, ana nini mkononi. Pili ni fursa na madaraka: anaitwa kwenye kikao au haitwi, na akisema neno lake linaandikwa au linaishia hapo hapo. Sera nyingi ziliichukua maana ya kwanza mapema, zikaichelewesha mno ile ya pili.

Wapo wanaodhani wanawake hufa zaidi kwa sababu ya maumbile. Watafiti Eric Neumayer na Thomas Plümper walichunguza maafa ya mwaka 1981 hadi 2002 katika nchi 141. Waliona kwamba kwa wastani maafa hupunguza umri wa kuishi wa wanawake kuliko wa wanaume, lakini pale ambapo wanawake wana hali nzuri kiuchumi na kijamii, tofauti hiyo hupungua. Kama maumbile ndiyo yangekuwa sababu kuu, cheo cha mwanamke katika jamii kisingebadilisha idadi ya makaburi.

Bangladesh inaonyesha jambo hili kwa karibu zaidi. Kimbunga cha usiku wa Aprili 29, 1991 kiliua watu wapatao 140,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume kwa mbali. Tahadhari ilikuwa imetolewa. Ila ilitembea mdomo kwa mdomo kati ya wanaume, sokoni na sehemu nyingine za hadhara. Aliyekuwa nyumbani aliisikia kwa kuchelewa, kisha akamngoja mume atoe ruhusa ya kuondoka. Jengo la kukimbilia nalo lilikuwa ukumbi mmoja ambamo wangebanana na wanaume wasiowajua, jambo zito kwa mwanamke aliyelelewa kwa stara. Choo kikikosekana, au kikiwa cha wote, kinatosha kumfanya mtu abaki kwenye kibanda chake huku upepo ukivuma. Walioamua kukimbia waliburuza sari iliyolowa.

Leo mpango wa kujiandaa na vimbunga wa nchi hiyo una watu wa kujitolea zaidi ya 76,000, na nusu yao ni wanawake. Mwanamke mwenye kipaza sauti anaingia hadi uani, anazungumza na mwenye nyumba, anamsaidia kufunga mizigo na kumtoa bibi kizee. Tahadhari imepata njia ya kufika jikoni.

Sasa tuangalie hati zenyewe, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa kuhusu kupunguza hatari za maafa. Mkakati wa Yokohama wa mwaka 1994 uliwataja wanawake pamoja na makundi mengine yaliyoachwa nyuma, yaani kama watu wa kuinuliwa. Mpango wa Hyogo, uliopitishwa Kobe, Japani, Januari 2005, wiki chache tu baada ya tsunami, ulitaka mtazamo wa kijinsia uingizwe katika sera na mipango yote ya maafa. Kisha ukaja Mfumo wa Sendai, Machi 18, 2015, unaotumika hadi 2030. Huu unasema wazi kwamba ushiriki wa wanawake ni wa lazima katika kudhibiti hatari, unahimiza uongozi wao, na unataka takwimu zitenganishwe kwa jinsia, umri na ulemavu.

Hapo kuna pengo ambalo sipendi lipitwe kimya. Sendai ina malengo saba ya dunia: vifo, waathirika, hasara, miundombinu na mengineyo. Hakuna hata moja linalotaja wanawake. Nchi inaweza kutangaza kwamba vifo vimepungua bila kusema vya nani. Ndiyo maana mwaka 2018 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa Pendekezo la Jumla namba 37, likifafanua kwamba suala hili ni sehemu ya wajibu wa serikali chini ya mkataba huo. Machi 2024 ukazinduliwa mpango kazi wa jinsia wa kusaidia utekelezaji wa Sendai, ikiwa imebaki miaka sita tu kabla ya 2030.

Lakini kushiriki hakungoji hati. La Masica, mji mdogo wa kaskazini mwa Honduras, ulikuwa umepata mafunzo ya tahadhari miezi michache kabla ya Kimbunga Mitch cha mwaka 1998, na mafunzo hayo yaliwahusisha wanawake na wanaume sawasawa. Wanaume walipoiacha kazi ya kufuatilia mfumo wa tahadhari, wanawake waliishika wao. Mitch iliua maelfu nchini humo. La Masica haikuripoti kifo hata kimoja.

Tsunami ya 2004 ilifika pia upande wetu. Iliua watu wapatao 300 Somalia, na hata Kenya na Tanzania kulikuwa na misiba. Unguja na Pemba wakulima wa mwani walio wengi ni wanawake, na kazi yao iko kwenye maji yaliyokupwa, mbali na mwambao, wengi wao hawajui kuogelea. Tahadhari ikitumwa kwa simu saa hiyo, itamkuta nani, wakati simu na maji ya chumvi havipatani? Waulizwe wao. Wanajua ni saa ngapi wako shambani, na bendera ya hatari isimikwe wapi ili waione wakiwa wameinama.