Jarida pinzani ni nini?

Jarida pinzani ni chapisho la watu wasio na serikali wala matajiri nyuma yao, wanaolitoa ili kusema jambo ambalo magazeti makubwa ya wakati wao hayasemi au hayathubutu kulisema. Ukali wa maneno peke yake hauligeuzi gazeti kuwa pinzani. Magazeti ya udaku yana maneno makali kila wiki na hayamtishi mtu yeyote mwenye madaraka. Mimi huuliza kwanza: mashine ya kuchapia ni ya nani, na karatasi analipia nani? Majibu ya maswali hayo hunionyesha mengi kabla hata sijasoma aya ya kwanza.

Hapa Tabora mfano tunao. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ulikaa katika mji huu na kupitisha uamuzi wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia; ndio tunaouita Uamuzi wa Busara. Hilo hufundishwa shuleni na kila mtoto analijua. Yaliyofuata miezi michache baadaye hayatajwi sana. Julius Nyerere, aliyesoma Tabora Boys na baadaye kufundisha St. Mary's papa hapa, alikuwa amepigwa marufuku mwaka 1957 kuhutubia mikutano ya hadhara. Mdomo ulipofungwa, akageukia karatasi. TANU ilikuwa na kijarida chake, Sauti ya TANU, na Mei 1958 aliandika humo makala iliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili, maofisa wa kikoloni, kwa namna walivyotumia madaraka yao. Alishtakiwa kwa kashfa ya jinai. Agosti mwaka huohuo mahakama ilimtia hatiani na kumpa achague: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa faini. Mwaka huohuo wahariri wawili wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi.

Sauti ya TANU haikuwa gazeti la kiwandani. Ilitolewa kwa mashine ya kudurufu, na namna mashine hiyo inavyofanya kazi inaeleza nusu ya historia ya uandishi huu duniani. Unapiga chapa juu ya karatasi ya stensili iliyopakwa nta. Kila herufi inatoboa nta. Stensili inafungwa kwenye silinda yenye wino, unazungusha mkono, na wino unapenya kwenye matundu hadi kwenye karatasi tupu. Haihitaji kiwanda wala fundi wa kupanga herufi za chapa, na mara nyingi haihitaji hata umeme. Watu wawili ndani ya chumba wanaweza kutoa mamia ya nakala kwa usiku mmoja. Serikali iliyozoea kuwabana wenye viwanda vya uchapaji haikuwa na mlango wa kubisha.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu zaidi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na jarida lake la Kiswahili, Mambo Leo, tangu mwaka 1923. Lilipendwa, na washairi wa bara na pwani walituma tungo zao humo, lakini mwenye kauli ya mwisho alikuwa serikali. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Mtu wa duka akathubutu kushindana na serikali kwa fedha za mfukoni! Kwangu mimi huyo ndiye babu wa uandishi pinzani nchini, na inaniuma kwamba vijana wengi hawajawahi kulisikia jina lake.

Nje ya Afrika mzizi ni uleule wa mashine na usafirishaji. Mjini New York jarida la The Masses lilianza mwaka 1911, likiwa na waandishi na wachoraji wa kijamaa. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, halikufungwa kwa kuvamiwa ofisi. Posta ilikataa kulisafirisha kwa kutumia sheria mpya ya ujasusi, na mwaka haukuisha likafa. Sisi tuliokulia kwenye reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, tunalielewa hilo haraka. Gazeti la Dar es Salaam lisipopandishwa kwenye behewa, msomaji wa Ujiji hajui kama liliwahi kuandikwa.

Miaka ya 1960 uchapaji wa ofseti, unaonakili ukurasa mzima kwa picha badala ya kupanga herufi moja moja, ulishuka bei, na hapo ndipo yalipozuka magazeti ya kile kinachoitwa utamaduni pinzani: vijana waliokataa vita vya Vietnam, ubaguzi wa rangi na maadili ya wazazi wao kwa pamoja. Los Angeles Free Press lilianza mwaka 1964, Berkeley Barb mwaka 1965, International Times la London mwaka 1966. Yaliunda umoja wao, na mwanachama aliruhusiwa kuchapa upya makala ya mwenzake bila malipo. Jarida la Ramparts la California lilifichua mwaka 1967 kwamba shirika la ujasusi la CIA lilikuwa likiufadhili kwa siri umoja wa kitaifa wa wanafunzi wa Marekani. Jarida la Oz la London liliwapa vijana wa sekondari toleo zima walihariri mwaka 1970, na wahariri wake watatu wakafikishwa mahakamani mwaka uliofuata. Walihukumiwa kwa uchafu wa maandishi, kisha rufaa ikatengua hukumu hiyo.

Tanzania huru nayo ilikuwa na lake. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Cheche, jina lililotokana na Iskra, yaani cheche kwa Kirusi, gazeti la mwanamapinduzi wa Urusi Lenin. Walikuwa wajamaa katika nchi ya kijamaa, na bado walikuwa pinzani, kwa sababu waliuliza kama ujamaa wa Azimio la Arusha ulikuwa unatekelezwa kweli au tabaka jipya la wakubwa serikalini lilikuwa linajijenga. Mwaka 1970 walitoa toleo maalumu lenye uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Novemba mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku, pamoja na chama cha wanafunzi kilicholizaa. Ndiyo maana sikubali jarida pinzani lielezwe kuwa ni jarida la chama cha upinzani. Cheche lilikuwa na imani ileile na serikali. Lilikosana nayo kwa kuidai itimize ilichokiahidi.

Karatasi ya kudurufu ni dhaifu. Hugeuka njano na mchwa huimaliza. Kama babu au bibi yako alikuwa mwanachama wa TANU, awe wa Tabora mjini, Urambo, Ujiji au Kasulu, fungua masanduku yake kabla ya masika. Ukikuta kijarida cha zamani, usikipige gundi wala kukikunja. Kiweke mahali pakavu ndani ya bahasha, kipige picha kila ukurasa, kisha uwaulize watu wa Nyaraka za Taifa kama wanacho.