Droni ndogo ya kijeshi haioni kupitia mabati

Hapa Mombasa, kuanzia baraza za Mji wa Kale hadi foleni ya feri Likoni, wengi huamini kwamba droni ndogo ya upelelezi wa kijeshi, ile ya kubebwa mgongoni, hukaa angani usiku kucha ikitazama watu ndani ya nyumba.

Tuanze na betri, maana ndiyo inayoamua. RQ-11 Raven ya Marekani, inayorushwa kwa mkono, ina uzito wa kilo 2 hivi na mabawa ya upana wa mita 1.4. Huruka dakika 60 hadi 90, kisha itue. Black Hornet, iliyobuniwa Norwe, hutosha kiganjani na huruka dakika 25 hivi.

Kuhusu kuona ndani, imani hii ina chanzo kinachoeleweka: kamera ya joto kweli humwonyesha mtu gizani. Ila inachosoma ni joto la uso wa kitu kilicho mbele yake. Ielekeze kwenye paa, itaonyesha paa. Hata kioo cha dirisha huizuia.

Na ile taa inayoning'inia juu ya bahari alfajiri, ambayo wengine hudhani ni droni? Ilinganishe na ncha ya mnazi, kisha uitazame tena kutoka palepale baada ya nusu saa. Ikiwa imepanda taratibu, ni nyota au sayari (Zuhura huwababaisha wengi). Ikikua huku ikishuka, huenda ni ndege inayokwenda kutua uwanja wa Moi. Ikibaki usawa wa maji, yaelekea ni meli inayosubiri zamu ya kuingia Kilindini.