Hela inazunguka dunia nzima, mbona akiba inabaki nyumbani?

Swali hili tunaulizwa sana: kama siku hizi mtu anabonyeza kompyuta tu hela inahama bara, kwa nini nchi ihangaike na akiba ya watu wake, si ikachukue mtaji nje?

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua akiba yote ya taifa (wananchi, kampuni na serikali), toa uwekezaji, kinachobaki ndo urari wa malipo ya kawaida, yaani tofauti ya hela ya biashara na mapato inayoingia toka nje na inayotoka; ukiwa chini ya sifuri ndo nakisi. Nchi ikiweka akiba 20% ya pato lake ikawekeza 25%, ile 5% imetoka nje, iwe mkopo, msaada, hisa au mtu kaja kujenga kiwanda.

Sasa mwaka 1980 wachumi Martin Feldstein na Charles Horioka wakachukua nchi 16 za OECD (umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri), miaka ya 1960 hadi 1974, wakaangalia kama nchi yenye akiba kubwa inawekeza zaidi nyumbani pia. Kama mtaji unatembea huru, akiba ingeenda popote penye faida na uwekezaji wa nyumbani usingeifuata. Wao wakapata karibu 0.89, yaani akiba ikizidi kwa 1 uwekezaji wa hapohapo unazidi kwa karibu 0.9! Wachumi wanabishana mpaka leo.

Mi naona kosa ni kuisoma hiyo namba kama kipimo cha mipaka kufungwa. Nchi haiwezi kukopa nje milele, kwa hiyo miaka ikiwa mingi akiba na uwekezaji lazima vikaribiane tu, alafu serikali nyingi zikiona nakisi imetanuka zinakaza bajeti, na uchumi ukikua haraka vyote viwili vinapanda pamoja hata kama hakuna aliyezuia hela kutoka.

Angalia Ureno na Ugiriki zilipoingia kwenye euro. Hofu ya sarafu kushuka ikaondoka, riba ikashuka, watu wakapunguza akiba na hela za nje zikamiminika, nakisi ya Ureno kwenye urari ule wa malipo ikafika kama 10% ya pato la taifa, na pale uhusiano ule ukalegea kabisa mpaka mgogoro wa madeni ulipokuja wakopeshaji wakakimbia.

Nchi maskini nazo mara nyingi namba yao ni ndogo, ila usikimbilie kusema mtaji huko uko huru, sehemu kubwa ya pengo inazibwa na misaada na mikopo nafuu ya serikali kwa serikali, sio mwekezaji anayetafuta faida.